Mbwa wa Bi Ishbel

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Fergus hakungoja apewe.
Siku ya tatu alipanda kiti, akafika dirishani,
akavilima kwa kucha zake mwenyewe
vyungu vyangu vinne,
hapa Aberdeen, Februari, ambapo jua
ni mpangaji anayedaiwa kodi:
hupita ngazini upesi, bila salamu.

Bi Ishbel yuko hospitali, nyonga imevunjika.
Alinikabidhi ufunguo, mfuko wa chakula kikavu
na karatasi: asile chokoleti, asile zabibu.
Juu ya majani hakuandika neno.
Jikoni kwake kuna chumvi tu, na pilipili manga
ya mwaka aliokufa mumewe.

Nimekaa juu ya zulia, udongo kila mahali,
nahesabu vilivyobaki kama chenji.
Mrehani: umenyofolewa hadi shina.
Mnanaa: nusu.
Giligilani: majani mawili.
Na chungu cha mwisho, cha vitunguu majani,
kimepinduka,
sijui kililiwa au kilimwagwa.

Binti wa kliniki ya wanyama anauliza: amekula nini?
Ulimi wangu ukasimama mlangoni bila viatu.
Mrehani nauitaje? Ule wa kikuba cha bibi harusi,
ule tuliomtilia mama ndani ya sanda,
harufu yake naipitishaje kwenye simu?
Nikasema, jani la kijani.
Akasema, mengi ni ya kijani.
Nikasema, la kuweka juu ya pitsa.
Akacheka: hilo halina shida.

Giligilani nayo salama. Mnanaa, kidogo si neno,
mwingi utamvuruga tumbo.
Nikashusha pumzi, mapema mno.

Vitunguu?
Hakucheka tena.
Ukoo wote ule, akasema, maji na saumu,
mbichi na kilichopikwa, jani na mzizi,
huvunja damu ya mbwa, polepole,
siku zipite ndipo ufizi upauke.
Amekula mingapi?

Mimi niliyelelewa kwa saumu,
kikohozi saumu, tumbo saumu, hasidi saumu,
sikujua kuwa dawa
huuliza kwanza ni mwili wa nani.

Nikapiga magoti. Nimefunzwa kwamba mate ya mbwa
huoshwa mara saba, moja kwa udongo.
Basi udongo ulikuwepo, tele.
Nikamfungua kinywa kwa vidole viwili:
ufizi wa waridi, pumzi ya mnanaa.
Nyuma ya hita nikaokota miche, mmoja mmoja.
Kumi na mmoja. Nilipanda kumi na miwili.

Mche mmoja, mbwa wa kilo ishirini:
mtazame, akasema binti, akilegea mlete mara moja.

Nikamtazama. Usiku kwa tochi,
alfajiri kabla ya kutawadha,
naye akizoea, akifungua kinywa mwenyewe
kila anionapo.

Siku ya nne Bi Ishbel akapiga simu, sauti nyembamba.
Hakuuliza mengi.
Anakula?

Anakula, nikasema.
Mno.