Kochi la Rangi ya Ini

Miaka thelathini na mmoja nimetengeneza vichwa vya treni,
breki zinazolia kama nguruwe wa sikukuu,
nikazinyamazisha.
Kochi hili la vinaili limenishinda.

Darka alilinunua kwa bei ya kutupa
kwa mjane wa ghorofa ya tatu aliyehamia kwa mwanawe.
Mjane alipokea fedha akacheka.
Sasa najua alicheka nini.

Ukikaa, linaguna. Ukijisogeza, ng'wiii.
Ukiinuka, linatoa ile sauti,
ile inayofanya wageni waangaliane
kisha kila mmoja asifie chai.
Padri Bohdan aliinuka Jumapili moja,
akasema mwenyewe, bila kuulizwa: "Ni kochi."
Tukaitikia, ndiyo Padri, ni kochi.
Hakuna aliyemwamini, hata mimi ninayelijua.

Nililipaka poda ya mtoto penye mikunjo;
likanyamaza siku mbili,
suruali zetu zikawa nyeupe kama za waokaji.
Nililipulizia silikoni;
Darka akateleza hadi zuliani na bakuli la supu ya bitiruti.
Nililigeuza chali, nikakaza skrubu kumi na nne,
nikapachika vipande vya blanketi kuukuu kati ya mbao na springi.
Mbao zikatulia. Ngozi haikutulia.
Kumbe kelele haikuwa ya mifupa,
ni ngozi kusuguana na ngozi,
kama ndugu wawili katika nyumba ya urithi.

Shuka la pamba lilisaidia, nusu.
Linangoja ukae, kisha linajikusanya mgongoni
kama paka aliyechukizwa.

Leo ni Januari. Winnipeg, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
vinaili imekakamaa kama samaki mkavu,
na Solomia, miezi minne,
amelala kifuani pangu baada ya saa mbili za kilio.
Mama yake yuko zamu hospitalini.
Shuka limeteleza. Nahisi chini ya paja
ngozi tupu, ikisubiri.

Simu inalia jikoni. Ilie.
Mguu umekufa ganzi kuanzia gotini.
Napiga hesabu:
nikiegemea kushoto, ng'wii moja;
nikiinuka kwa mkupuo, moja ndefu;
nikiinuka polepole, nyingi, fupifupi,
kama mtu anayechana kitambaa kwa siri.

Darka anaingia, theluji mabegani.
Ananitazama, anaelewa,
anaweka mfuko chini bila kuuchakarisha,
anavua viatu,
anakuja akae nami.
Natikisa kichwa. Hapana. Darka, hapana.

Anakaa.

Solomia anafumbua jicho moja,
analitafuta lililosema,
anatabasamu kwa ufizi mtupu, anarudi usingizini.

Nasi wazee wawili, tusiothubutu kucheka,
tunachekea puani, mabega yanatikisika,
na kochi chini yetu linaitikia,
ng'wi, ng'wi, ng'wi.