Herufi Mbili za Mwanzo

Boksi lilikuwa la sabuni ya mche.
Mama alilifanya kifuniko cha mtungi miaka minane,
maandishi yakitazama maji,
nasi tukichota, tukinywa, bila kusoma.

Lilipoanza kumeguka akalisogeza jikoni.
Nikaliwahi kabla ya moto:
HATUSAHAU,
mkono wa kaka yangu Dadi, aliyeishia darasa la sita,
H ya kwanza imeiegemea A kama mlevi na nduguye,
S imegeukia ilikotoka.

Hatusahau nini, hakuandika.
Boksi lilikuwa dogo,
na waliokuwa naye barabarani siku ile
hawakuhitaji kuambiwa.

Mimi kupinda kioo nilijifunzia Dar,
ghorofa ya pili, juu ya duka la matairi.
Niliandika BIA BARIDI mara sitini na tatu.
Niliandika KARIBU
kwenye milango ambayo sikukaribishwa.
Kioo ukikiharakisha kinapasuka,
ukikichelewesha kinalegea kama uji.
Unakishika juu ya ndimi za moto, mpira umeuma menoni,
na pale kinapokubali
unakipa pumzi kidogo, ha,
kona isije ikajifunga.
Baadaye pampu hunyonya yote, vumbi na pumzi,
ndipo neoni huingia
kwenye nyumba niliyoitangulia.

Nilirudi Mtwara na chupa yake miguuni,
nimeiviringisha khanga mbili.
Konda akauliza, dada, hicho nini?
Gesi, nikasema.
Basi zima likacheka,
halafu likanyamaza tangu Nangurukuru.
Yetu ilikwenda kwa bomba.
Hii imekuja kwa nauli.

Sikuinyoosha H. Sikuigeuza S.
Somoe Nambunga akanipa ukuta wa mashine yake ya kusaga, Chikongola,
kwa sharti kwamba umeme nilipe mwenyewe.
Tukawasha Ijumaa, baada ya isha.
Wekundu ule si wa damu, si wa waridi;
ni wa sikio la mtoto
ukilimulika tochi kwa nyuma.
Vumbi la unga likaupokea, likatua nao
kwenye kope za wanaosubiri zamu.
Dadi alisimama ng'ambo, ameshika baiskeli.
Nilingoja aseme neno.
Akauliza, inakula uniti ngapi?

Jumatatu akaja afisa, mtu mpole, shati la kitenge.
Kazi nzuri, alisema. Sanaa tunaithamini.
Ila hizo mbili za mwanzo.
Zipi?
Hiyo HA. Izime tu.
Zinazobaki zinatosha, tena zina ujumbe.
Hakunitisha. Alimaliza chai yake.
Kitabu cha faini alikisahau mezani
kikiwa wazi, na kalamu katikati,
akarudi kukichukua polepole.

Nikakata waya.
Ukutani pakabaki TUSAHAU,
nyekundu, nzuri, inasomeka toka kituo cha bodaboda.
Usiku ule sikutoka ndani.

Lakini kioo kisichowaka hakijaondoka.
Kipo pale, cheupe kama mwiba wa samaki kwenye sahani.
Wa kwanza kukiona alikuwa mtoto aliyetumwa kusaga,
ndoo kichwani, kidole hewani,
anasoma kama wasomavyo wanaojifunza,
hawaruki kitu.
Akaanzia gizani:
HA.

Siku hizi ni mchezo wao.
Taa ikiwaka wanajipanga,
mmoja anavuta hewa hadi mabega yanapanda,
anaitoa yote, HA!
na ukuta unamalizia.
Hakuna mpira, hakuna pampu.
Afisa amepita mara mbili,
ametazama waya uliokatwa, umekatwa kweli,
akaandika kitu, akakifuta.

Na usiku wa mgao,
mashine kimya, mtaa mzima kimya,
herufi zote tisa zinalingana kwa giza,
mwezi unazipitia moja moja,
neno linarudi zima.

Hapo, anasema Dadi,
haili hata uniti moja.