Gurudumu la Mbele Kushoto

Lilianza kunung'unika Nagongera,
sauti nyembamba, ya nzi ndani ya chupa.
Kufika Tororo limekuwa kinu cha posho
kinachosaga bila mahindi.
Trei arobaini za mayai nyuma yangu,
na kila nikikata kona ya kulia
mvumo unapanda, unaingia kwenye usukani,
unaingia viganjani.

Fundi Wandera alitaka laki moja na nusu,
na gari lilale kwake hadi Alhamisi.
Mayai hayalali hadi Alhamisi.

Basi Jumapili, watu wakiwa kanisani,
nikaweka mawe nyuma ya magurudumu,
nikapachika bomba la maji kwenye mpini wa spana,
nikalikanyaga kwa kilo zangu zote themanini na mbili
(siku hiyo sikuzionea haya).
Nati ya shafti ikalia, ikaachia.
Jeki. Gurudumu chini. Kalipa nikaining'iniza
kwa pindo la kanga, isije ikavuta mpira wa breki.
Bolti nne za nyuma nikazitoa kwa kupapasa,
shavu kwenye udongo,
kama mtu anayemzalisha mbuzi gizani.

Nikadhani nimemaliza.

Beringi haikutikisika.
Bolti ziko kwenye sahani, haishikwi na kitu,
imeshikwa na kutu tu,
kutu na vumbi la saruji na mvua za miaka kumi na moja,
hujui chuma kinaishia wapi
na ukaidi unaanzia wapi.

Nikamwagia dizeli. Nikangoja. Nikapiga.
Nikamwagia mafuta ya breki. Nikapiga
upande huu, upande ule.
Mama Apio akaegemea ua, akasema ichome moto.
Mwanawe akasema iombee.
Nikapiga mpaka nyundo ikavua kichwa
kikaruka hadi kwenye banda la kuku.

Ndani, Othieno alikuwa amelala,
zamu ya usiku kiwandani,
nyusi bado nyeupe kwa saruji.
Hatukuwa tumesemezana tangu Jumatano.
Kilichosemwa Jumatano sikiandiki hapa;
kilihusu ada ya shule, na dada yake, na mdomo wangu.
Sikupiga kwa nguvu ili aamke.
Wala sikupiga polepole ili alale.

Akatoka na shuka kiunoni.
Akachuchumaa, akatazama kwa muda.
Akarudisha bolti moja, nusu tu, kichwa kikabaki nje,
akaokota kipande kifupi cha chuma
akakibana kati ya kichwa kile na mkono wa chini,
akaenda kuketi kwenye usukani, akawasha.
Kisha, dirishani, bila kunitazama:
"Upande gani?"

"Kushoto," nikasema.
Usukani ukazunguka. Chuma kikauma chuma,
gari likaguna toka tumboni.
"Basi. Rudisha. Ngoja nihamishe.
Sasa kulia. Polepole, vidole vyangu vimo."
Akasimama papo hapo.
"Toa vidole."
"Nimetoa."
"Nionyeshe."
Nikavipandisha juu ya boneti,
vyote kumi, vyeusi.

Kushoto. Kulia. Kushoto.
Kisha twa! mlio mmoja mkavu,
kuku wakanyamaza,
unga mwekundu ukamwagika kama pilipili
na beringi ikaniangukia mapajani,
nzito kama kichwa cha mtoto aliyesinzia.

Alikuja akaizungusha sikioni pake.
Krr, krr.
"Hii ilikufa zamani," akasema.
"Nilikwambia mwezi wa tatu," nikasema.
Akakuna shingo. Akauliza kama kuna chai.
Ipo kwenye chupa, sukari kidogo tu.

Ada ya shule bado.

Nikabaki na msasa, nikisugua tundu
mpaka likang'aa pande zote,
kisha kabla ya kuingiza ile mpya
nikapaka grisi, tele, hadi kwenye kucha,
ili atakayekuja kuitoa,
miaka kumi na moja ijayo,
mimi au yeye au mwingine,
asipige sana.