Daftari Halitoki Ofisini

Miaka kumi na tisa nilikuwa karani
katika shamba la mkonge, njia ya Muheza,
na sheria ya kwanza niliyofundishwa, kabla hata ya kuonyeshwa choo,
ilikuwa hii: daftari kuu halitoki ofisini.
Linanakiliwa.
Nakala ndiyo itembeayo.

Kwa hiyo Semboja wa maabara, pale Bombo,
aliponiambia kwamba ndani ya seli mna chumba,
na chumbani mna daftari lisilovuka mlango,
sikuona jambo geni.
Nilimuuliza tu: funguo anazo nani?
Akacheka. Mimi sikucheka.
Mwantumu alikuwa amelala mapajani mwangu,
vidole vimemvimba, macho yameingia manjano.

Akanieleza taratibu, kama anayemhesabia mtu chenji.
DNA ni nyuzi mbili zilizosokotana
(kamba, nikasema; kamba, akakubali),
zimeandikwa kwa herufi nne, basi.
A haishikani ila na T,
G haishikani ila na C,
ndoa za kuamriwa.
Ikitakiwa kazi hufunuliwa ukurasa mmoja,
si daftari zima,
na mwandishi huchukua nakala: RNA,
uzi mmoja, na penye T yeye huandika U.
Mbona anabadili?
Ndio mwandiko wake.
Hapo nikaelewa, maana bwana Mhina aliyenitangulia ofisini
aliandika saba zake kama moja mpaka akastaafu,
na hakuna aliyelipwa pungufu.

Nakala hutoka. Huko nje iko korona.
Aliyewahi kusikia mtambo ukikwangua majani ya mkonge
hausahau ule mlio;
huu wa mwilini hauna mlio.
Ribosomu, Semboja aliuita,
huikamata nakala, huisoma herufi tatu tatu.
Wachukuzi wanafika, kila mmoja na mzigo wake,
kila mmoja anajua neno moja tu duniani;
likitajwa lake anatua, anakwenda zake.
Asidi amino hii huungwa na ile, na ile,
hadi lije neno la kusema: hapo hapo.
Mnyororo hujikunja wenyewe,
ukawa protini:
kucha, nywele, nguvu ya kutafuna muhogo,
himoglobini ibebayo pumzi ya mtoto.
Kisha nakala huchanwa.
Hata sisi tulichoma vikaratasi kila Jumamosi.

"Neno la sita," akasema Semboja, na uso wake ukabadilika.
Lilipaswa kuwa GAG.
Kwa Mwantumu limeandikwa GTG.
Mwandishi ananakili kwa uaminifu: GUG.
Mchukuzi anakuja kwa uaminifu, na mzigo si ule.
Hakuna aliyekosea kazini.
Na chembe ya damu, ambayo ingekuwa mviringo kama kitumbua,
inajipinda mundu,
inakwama kwenye vijia vya vidole vyake.

Masika moja nilikosea mimi:
robota kumi na sita nikaziandika sitini na moja.
Lori likarudishwa kutoka bandarini,
nikakatwa mshahara, yakaisha.
Kosa la nakala huchanwa pamoja na nakala.
Kosa la daftari huamka nawe kila asubuhi.

Na madaftari ni mawili, moja la mama, moja la baba.
Mimi nilikuwa nayo herufi ile, kimya.
Mke wangu alikuwa nayo, kimya.
Ikiwa katika daftari moja tu, Semboja alisema,
humpunguzia mtoto makali ya malaria.
Labda ndiyo iliyomvusha bibi yangu, kule Pangani,
mwaka ambao ndugu zake watatu hawakuvuka.
Basi nimlaani nani?
Nilikaa na swali hilo kwenye benchi la dawa
mpaka tukaitwa dirishani.

Mwantumu akaamka, akaomba maji.
Nikaitazama kadi yake ya kliniki:
walikuwa wameandika *Mwamtumu*.
Nikatoa kalamu mfukoni,
nikaikata ile M,
nikaandika N juu yake,
na kuweka sahihi yangu pembeni,
kama nilivyofundishwa.