Ekari Thelathini na Nane

Wanasema sheria ni msumeno.
Huu wa kaunti yetu, hapa Wisconsin, ni wa ajabu:
kazi yake ni kukataza kukata.

Ardis Tveit alinipigia simu mwezi wa nne,
theluji ingali mitaroni.
"Njoo na vipimo vyako. Nataka ekari mbili tu,
pale mwinukoni trakta inapoteleza,
nimpe Solveig ajenge."
Nikapima. Nikapigilia vigingi vinne,
kila kimoja na utepe wa waridi,
na Solveig, buti za kukamulia miguuni,
akasimama katikati akionyesha kidole:
jiko hapa. Dirisha hapa,
nimwone mama akiwasha taa.

Kwenye ramani ya karani sisi sote ni kijani,
na kijani ni kilimo,
na kilimo ni nyumba moja kwa ekari arobaini,
shamba lisimegwe chini ya hapo.
Ardis anazo thelathini na nane.
Barabara ilikula mbili, zamani, bila kuomba kibali.

Bodi ilikaa Jumanne. Watu saba, birika moja la kahawa.
Mmoja akauliza, kwa upole, kama mwinuko ule hulimika.
"Humea mawe," akasema Ardis.
Mwingine akasema: leo mwinuko, kesho bonde,
keshokutwa tutanunua maziwa dukani
sisi wenye anwani nzuri.
Sikuwa na la kumjibu.
Nimepima ng'ambo ya mto miaka ishirini,
nimeona shamba linavyokufa:
kiwanja kimoja, kimoja,
na kila kimoja kina binti yake, kina sababu.

Kisha karani akasoma kumbukumbu, kama ilivyo ada:
kanuni ilipita lini, nani alitoa hoja.
Halvor Tveit.
Ukumbi ukanyamaza.
Ardis akatazama pete yake.
"Usiku ule alirudi anapiga mluzi," akasema.
"Nikamkaangia mayai."

Kura sita kwa moja.
Kumbe msumeno unakata,
ila meno yake yanaangalia nyuma.

Nilirudi Alhamisi kung'oa vigingi.
Vitatu vikatoka na udongo wake.
Cha nne kilikuwa na kamba, na mwisho wa kamba
ndama wa juzi, miguu bado haijamzoea,
amesimama palepale penye jiko
anatafuna utepe wa waridi.
Solveig hakusema neno.
Nikaandika kwenye daftari: vigingi vitatu.