Sufuria Isiyo na Mfuniko

Utaiona jikoni mwa gurudwara yetu,
imefunikwa kwa bati lililokatwa kwenye pipa la dizeli.
Usiulize. Au uliza, ila ukae kwanza,
maana bibi yangu Isar Kaur hana jibu fupi.

Huanza mbali. Huanza na farasi.
Kulikuwa na miaka, asema, watu wetu
walilala juu ya matandiko, hatamu mkononi,
vichwa vyao vimetiwa bei sokoni Lahore.
Wakatafuna dengu kavu wakaziita lozi,
vitunguu wakaviita fedha,
ili njaa ione haya.
Kisha zamu ikageuka, Lahore ikawa yetu, nusu karne,
na fundi mmoja akayeyusha mzinga wa shaba
akamimina chombo cha kulisha watu mia tatu.
Mzinga wa nani? Mjomba Phuman husema wa Waafghani,
ulitekwa vitani.
Bibi husema ulikuwa wetu, ulipasuka
kwa ulevi wa mpigaji.
Nasadiki ya Bibi.
Uongo wa kujisifu hauna mlevi ndani yake.

Wakaja Waingereza, na mifereji.
Walichora maji kwa rula nyikani, vijiji wakavipa namba.
Chetu kiliitwa Themanini na Tatu.
Babu yake Bibi akapanda ngano penye miiba,
na sufuria ikafika kwa gari la ng'ombe,
mfuniko juu yake ukilia ng'a, ng'a,
kila gurudumu lilipoingia shimoni.

Sikuelezi vita. Nakueleza mfuniko.

Agosti ya mwaka arobaini na saba
mtu ambaye hakuwahi kula kwetu alipiga mstari,
na mito mitano ikagawanywa
kama mayatima baada ya matanga:
huyu aende kwa shangazi, yule abaki.
Siku hiyo mfuniko ulikuwa kwa Chiragh Din, mhunzi,
Mwislamu wa nyumba ya tatu.
Ulikuwa umekatika mkono.
Bibi, miaka tisa, alitumwa kuufuata usiku.
Akamkuta mhunzi mlangoni, nyundo begani,
na si kwa kazi:
nyuma yake, penye mkaa, aliwaficha shangazi zake Bibi wawili.
Mwisho wa njia mienge ilikuwa inakuja.
Akamwambia, "Mkono bado wa moto, mwanangu.
Njoo kesho."

Wote wawili walijua.

Walivuka Ravi kwenye daraja la Baloki,
magari ya ng'ombe maili kwa maili, vumbi la rangi ya unga wa dengu.
Shangazi walikuwemo; mhunzi aliwatoa alfajiri
kwa mabuibui ya mkewe.
Mdogo wake Bibi, Tara, alivuka ndani ya sufuria,
amejikunja kama kunde kwenye ganda.
Alivuka salama.
Siku ya nne, upande huu, upande wa salama,
kipindupindu kikamchukua.
Hapa Bibi hunyamaza. Huchagua mawe kwenye mchele
hata mchele ukiwa hauna mawe.

Tangu hapo tunapika bila mfuniko wa haki.
Mvuke hutoroka, kuni huliwa bure,
mjomba amelalamika miaka arobaini.
Tunakaa mkekani mstari mmoja,
mkuu wa wilaya, mfagiaji, dereva wa lori aliyepotea,
chapati huja, upawa huja,
hakuna anayeulizwa jina la baba yake.
Hilo ndilo tulilovuka nalo. Mashamba hayakubebeka.

Mwaka jana kijana wa upande ule alinitumia picha.
Kitukuu wa mhunzi. Alinipata sijui vipi.
Ukutani, juu ya kitanda cha kamba,
duara la shaba, limesuguliwa,
na mkono wake umeungwa, mshono mnene kama kovu.

Nikampelekea Bibi.
Aliisogeza simu karibu, akaifuta kioo kwa ushungi,
akaifuta tena.
Kisha, si kwangu, kwa ule mlango wa usiku ule:
"Umepoa?"

Halafu akanirudishia simu,
akaniambia dengu zinaungua.