Thelathini na Nane kwa Mia

Geukia ubavu wa kushoto, baba. Mkono chini ya kichwa.
Jeli ni ya baridi, niwie radhi;
Moshi mwezi wa saba, hata vyuma hutetemeka.

Ndelilio Lyatuu, wa Kibosho,
miaka sitini na tisa, kahawa na ndizi.
Kifua kimembana tangu juzi, akipanda mteremko wa kanisani.
Nazima taa.
Kwenye kioo moyo unajitokeza, wa kijivu,
ngumi ya mtu anayeota ugomvi.

Nauhesabu. Ndiyo kazi yangu.
Nachora mstari kukizunguka chumba kikiwa kimejaa,
nachora tena kikijikamua,
mashine inatoa, inagawanya:
thelathini na nane kwa mia.
Kuta nyingine zinacheza. Ule wa mbele, kuelekea nchani,
umesimama
kama mgeni harusini asiyeujua wimbo.

"Unaona nini?"
Daktari atakueleza, baba.
Lakini ameshainua shingo, ameshaona.
"Pale hapasogei."

Kimya. Feni ya mashine tu.
"Mimi nimegawa maji ya mfongo miaka ishirini na mbili.
Mgomba ukilegea huku chini
hatuulaumu mgomba. Tunapanda na majembe
kutafuta jiwe lilipokaa."
Anakohoa. "Lakini kwanza unalibonyeza shina.
Likiwa limesinyaa, basi, rudi nyumbani.
Likiwa bado nene, kimbia."

Chuoni walinifundisha hayo kwa kurasa kumi na moja
na mtihani juu yake:
kwamba msuli uliopunjwa damu si lazima uwe umekufa,
huenda umejikunyata tu, unabana matumizi,
unangoja zamu yake.
Nilipata alama B.

Nasogeza kipimo kati ya mbavu. Vuta pumzi. Ishikilie.
Naweka nukta huku, nukta kule,
mkono wangu hautulii, narudia.
Milimita tisa.
Narudia tena. Tisa.

"Pumua, baba."

Fomu ina mistari yake, na wa unene uko chini kabisa,
mahali ambapo jicho la daktari mwenye foleni
hufika limechoka.
Leo nimeuandika juu, kabla ya jina la mgonjwa,
nikapiga mstari mara mbili,
nikatoka nayo mwenyewe ukumbini, jeli ingali vidoleni,
sikungoja mhudumu wa mafaili.